Kipampu cha Mfuko wa Shati

Arlen Halvorsen hakuwa mtu wa kumnunulia mwenzake chakula, na mji wetu mzima wa Norvik ulijua. Ndiyo maana Ijumaa ile jioni, mkesha wa kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, alipovuta kiti mbele ya Corbin Zielke kwenye baa ya Lorraine na kuagiza kijana aletewe sahani ya samaki wa kukaanga, viazi na kabichi, watu wa meza za jirani waliacha kutafuna.

Corbin mwenyewe alidhani mzee amekosea meza. Tangu aanze kumfuata Marit, binti pekee wa Arlen, alikuwa akisalimiwa kwa kidevu tu, na hata hicho kidevu kilitolewa siku za sikukuu. Mzee alizoea kusema kijana wa Zielke ni kama theluji ya Aprili, haina faida na haiondoki.

"Kula," alisema Arlen.

"Ahsante, Bwana Halvorsen."

"Lorraine anajua kukaanga."

"Anajua."

Wakala. Sisi watu wa Norvik hatuna pupa ya maneno. Mtu anaweza kuja kukuomba figo yako na akaanza na hali ya hewa. Arlen alianza na theluji iliyokuwa njiani, akapitia trekta bovu la jirani yake, akafika kwa kulungu, na sahani ilipobaki na mafuta matupu ndipo akalitaja jina la bintiye.

Habari ya Marit ilikuwa midomoni mwa kila mtu wiki ile. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na jeshi lilikuwa limemchagua kwa ufadhili wa mafunzo ya uofisa. Lingemlipia chuo kikuu kule Madison asomee uhandisi wa madaraja, huku akifundishwa uofisa humohumo chuoni, na akimaliza angekwenda kutumika popote watakapompeleka. Kwenye mbio alikuwa amewaacha wavulana wa darasa lake nyuma. Kanali aliyemhoji alimwambia kwamba ni nadra kumwona msichana anayejibu maswali bila kwanza kutazama dari. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja, daktari, na kwa daktari alitakiwa Jumanne.

Sasa sikia sharti. Mwombaji aliyeugua pumu baada ya kutimiza miaka kumi na mitatu, hufungiwa mlango. Anaweza kuomba ufunguliwe tena, akapimwe kifua kwa mashine, lakini wengi wakishafungiwa hukata tamaa.

"Jumanne ataulizwa kuhusu kifua," alisema Arlen, akizungusha uma mezani. "Atasema hajambo."

Corbin alisogeza sahani yake pembeni.

"Nilikuona, Corbin. Siku ile ya nyasi kwenu, mnashuka ngazi ya darini, umemshika kiuno naye mweupe kama shuka. Nikauliza kuna nini. Mkaniambia ni joto."

"Kulikuwa na joto, Bwana Halvorsen."

"Mama yake alikwenda Arizona, kwenye joto, kukwepa baridi moja tu," alisema mzee. "Hiyo baridi bado haijaisha. Mimi nikimzuia Marit, atanichukia mpaka naingia kaburini. Lakini wewe unajua kilichotokea kule juu. Ni simu moja tu kwa huyo daktari. Atabaki hapa. Na mlango wangu utakuwa wazi kwako, Krismasi na siku zote."

Akasimama, akavaa kofia, akamlipa Lorraine na kutoka. Corbin alibaki akitazama kiti kitupu. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amekiota kile kibali, akakipamba kichwani kwa maneno mazuri ya kila namna, na leo kimekuja na harufu ya samaki.

*

Kilichotokea kule juu, waliokijua walikuwa wawili tu.

Corbin alikuwa na pumu tangu utotoni, pumu ya hakika, yenye faili hospitali. Kipampu chake cha kuvutia dawa kwa mdomo kilikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, chini ya sweta na koti. Huku kwetu kipampu hakiachwi garini wakati wa baridi. Kikiganda unaweza kukibonyeza mpaka kidole kiume na kisitoe kitu. Mama yake, Doreen, alimfundisha hivyo kabla hajamfundisha kufunga kamba za viatu.

Kiangazi cha siku ile ya nyasi Marit alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuja kwa kina Zielke kusaidia kupanga marobota ya nyasi kavu darini, juu ya zizi, mahali pasipopita upepo, na vumbi lilikuwa limejaa mpaka mwanga wa dirisha ulionekana mzito. Corbin alimsikia akicheka, kisha hakumsikia tena. Alipogeuka alimkuta amepiga magoti, mikono shingoni, midomo imegeuka rangi. Hakufikiri. Alitoa kipampu, akakitia kinywani mwa Marit na kubonyeza, akamshika kifuani na mgongoni, akamwambia avute, avute tena, mpaka pumzi ikarudi. Marit alibaki amelaza kichwa begani kwake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya hawa wawili yalianza hivyo hasa.

Hakwenda kwa daktari. Nyumbani mama alikuwa ameshaondoka, baba alikuwa ameshauza ng'ombe wake wote na kubaki kuendesha gari la kukusanya maziwa ya wenzake, na Marit hakutaka kuongeza neno la kumhuzunisha. Msimu uliofuata kifua kilimbana tena darini, na uliofuata huo pia, kidogo tu. Kila mara mkono wa Corbin ulikuwa umeshafika mfukoni. Tangu siku ile alikuwa akibeba kipampu cha watu wawili.

*

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kulungu Norvik hubaki ya wanawake, watoto na wale wasiowinda. Wanaume wako msituni na makoti yao ya rangi ya chungwa, wamekaa juu ya miti wakiganda kwa furaha. Ng'ombe hawajui msimu, lazima wakamuliwe, na kwa kina Zielke kazi hiyo ilikuwa ya Corbin, kwa kuwa kifua chake hakikupenda kuganda juu ya mti. Kila mwaka siku hiyo Marit huja kumsaidia ukamuaji wa jioni. Ilikuwa sikukuu yao wawili, haiko kwenye kalenda ya mtu mwingine.

Mwaka huu alichelewa. Corbin alikuwa ameshamaliza safu ya kwanza, masikio yako mlangoni kuliko kwenye mashine, aliposikia buti zake. Aliingia na baridi yake, nywele zake za rangi ya majani makavu zimetokeza chini ya kofia ya sufu, mashavu yamewiva. Moyo wa Corbin ulifanya kile unachofanya kila mara akimwona. Akainama haraka kumfuta ng'ombe chuchu.

Marit hakusalimia. Alitundika koti, akavaa glavu, akachukua kitambaa na kuanza upande wa pili wa ng'ombe yuleyule, wakawa wanatazamana chini ya tumbo.

"Baba yangu hajawahi kumnunulia mtu samaki tangu nizaliwe," alisema. "Nimeambiwa na watu wanne, na hapo nilikwenda dukani kununua sabuni tu. Alikuomba nini?"

Corbin angeweza kutunga kitu. Lakini macho ya Marit yalikuwa ya kijivu na hayakupepesa, na yeye mbele ya macho yale hakuwahi kuwa fundi wa kutunga. Akamweleza yote, mpaka lile la Arizona.

Marit alisikiliza mkono wake ukiwa umesimama na kitambaa. Mashine zikawa zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia, maziwa yanapita kwenye mpira juu ya vichwa vyao.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ahsante kwa samaki."

Kona ya mdomo wake ilitaka kucheka, akaikataza. "Nauliza kweli, Corbin. Utapiga simu?"

"Sitapiga."

"Niapie."

"Naapa. Sitamwambia daktari, wala baba yako, wala mama yangu. Wakinifukua kaburini wataniuliza bure."

Marit alifumba macho. Mabega yake yakashuka, na ndipo Corbin alipoona jinsi alivyokuwa ameyapandisha tangu aingie. Alitamani kuzunguka yule ng'ombe na kumkumbatia, na pengine kama angefanya hivyo na kunyamaza, jioni ingekwisha vizuri. Lakini mdomo wake ulikuwa na neno lingine, alilolala nalo na kuamka nalo.

"Lakini wewe mwenyewe mwambie daktari," alisema.

Macho yakafumbuka. "Nimwambie nini?"

"Kweli. Mwambie ulibanwa darini. Mwambie ulitumia cha kwangu."

"Ahaa." Marit alinyanyuka taratibu. "Umekataa kunichongea ili nijichongee mwenyewe. Baba alikosea, angekununulia sahani mbili."

"Marit, mficha maradhi..."

"Usiniletee methali za bibi yako! Hakuna faili. Hakuna daktari aliyeniona. Neno moja tu, hapana, na naondoka hapa nikasome madaraja. Unajua nimekimbia asubuhi ngapi gizani kwa ajili ya hili? Unajua, maana wewe ndiye uliyekuwa unaniendeshea gari nyuma kwa taa. Nilidhani unaniangazia njia. Kumbe ulikuwa unahesabu nitaanguka lini."

Hilo lilimchoma. Corbin alifungua vile vikombe vya mashine kwa ng'ombe aliyemaliza, akavitundika, kisha akazunguka, akasimama mbele yake karibu kiasi cha kuona theluji ikiyeyuka kwenye ukosi wake.

"Unataka kweli?" alisema. "Nataka ubaki. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hicho. Kila asubuhi naamka, namwomba Mungu ukose huo ufadhili. Halafu namwomba anisamehe. Halafu nakuja kukamua. Nikiona jiko la mama nakuona wewe umesimama pale na kikombe chako. Nikisikia gari barabarani najua si lako na bado nageuka. Ndivyo nilivyo, nicheke ukitaka."

Marit hakucheka.

"Lakini mimi ndiye niliyekushika kule juu. Niliiona midomo yako. Huko wanakokupeleka watakukimbiza kwenye vumbi, kwenye moshi, na wewe hutasema, maana ulishasema hapana. Utakaa kimya mpaka uanguke. Na hakuna hata mmoja wao atakayejua aangalie mfuko upi."

Ng'ombe mmoja mwisho wa safu, Dolores, ambaye hakuwahi kuwavumilia wapenzi, aliupiga mlango wa chuma teke. Hawakumtazama.

"Wakinifungia je?" Marit aliuliza kwa sauti ndogo.

"Utaomba wakupime."

"Wakinipima nikashindwa?"

Corbin alijua jibu ambalo kila kiungo cha mwili wake kililipenda, na kwa sababu alilipenda hakuthubutu kulisema. Kimya hicho Marit alikisoma vibaya, au labda alikisoma vizuri. Uso wake ukajifunga.

"Unaona," alisema. "Hata kudanganya kwamba utasikitika huwezi."

Akavua glavu. Alikuwa anahangaika na mkono wa koti lililogeuka ndani nje alipoona Corbin anafungua sweta. Alitoa kipampu mfukoni mwa shati, kile cha buluu kilichochubuka, akakiweka kiganjani mwa Marit na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Chukua. Ukimdanganya daktari utakihitaji. Ukimwambia kweli utakihitaji pia."

"Na wewe?"

"Nina kingine ndani. Usikiache garini. Kiweke karibu na mwili."

Walibaki hivyo, mkono ndani ya mkono, pumzi zao zikifanya ukungu mmoja. Marit alimtazama kwa namna ambayo Corbin angeitafuta katika kila uso kwa wiki nyingi, hasira na kitu kingine kilichokuwa nyuma yake kinagonga. Kisha akatoka. Gari lake lilikataa kuwaka mara ya kwanza, na Corbin, aibu yake na iwe yake, alifurahi. Mara ya pili likawaka.

*

Marit alisema kweli. Jumanne alipoulizwa alijibu ndiyo, akaeleza dari, vumbi na kipampu cha kuazima. Daktari aliandika. Kabla ya Krismasi mlango ukafungwa. Hafai kwa sababu ya pumu, na kama anataka kuomba sharti hilo lilegezwe, akapimwe kifua.

Norvik ikajua, na Norvik ikahukumu kwamba ni Corbin aliyepiga simu, kwani samaki wale si watu waliwaona? Wasichana wa darasa la Marit waliacha kumpa kijana salamu. Mbaya zaidi, Arlen Halvorsen alimkuta kwenye kituo cha mafuta, akavua glavu na kumpa mkono.

"Sikupiga simu, Bwana Halvorsen."

"Sawa, sawa," alisema mzee, na kumkonyeza.

"Alisema mwenyewe. Alijua atafungiwa, na akasema."

Mkono wa Arlen ulilegea ndani ya wake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda karata, kisha akagundua aliyeshindwa ni mwanawe. Aliivaa glavu tena polepole, akaingia garini bila kuaga.

Lakini kwa Marit hakukutoka neno. Krismasi Corbin alipeleka jibini na keki ya mama yake mpaka kwenye kibaraza cha Halvorsen, akaona pazia la juu likitikisika, akarudi. Kila jioni akikamua alikuwa akisikiliza buti. Mkono wake uliendelea kwenda kwenye mfuko wa shati kwa mazoea na kukuta mfuko mtupu. Kipampu kipya alikuwa nacho, ndiyo, lakini alikitupa ndani ya gari pamoja na risiti na bisibisi. Chake peke yake hakikuwa na haja ya kubembelezwa.

Katikati ya Januari, baridi ikiwa ile ya kupasua mbao, simu iliita.

"Gari lako linawaka?" aliuliza Marit, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana.

"Linawaka."

"Nimepewa siku ya kupimwa, Alhamisi, hospitali ya La Crosse. Baba amesema hawezi kunipeleka. Hakukasirika. Amesema hawezi tu."

"Nitakuwa mlangoni."

Njia nzima walizungumza juu ya barafu. Corbin alimtazama kwa jicho la pembeni, ule mkono wenye glavu ya kijani juu ya goti, karibu na gia, na kila alipobadilisha gia alipita karibu nao kiasi cha kuumia. Alitaka kusema samahani, akakosa la kuombea, maana hakujutia neno hata moja. Marit naye mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaishia kufuta kioo.

Kwenye kile chumba cha kipimo, mama mmoja mwenye miwani shingoni na viatu vya kukimbilia alimkaribisha Marit kwenye kiti, akambana pua kwa kibanio na kumpa mrija. Akamwambia Corbin akae kwenye benchi, asiguse kitu na asimchekeshe mgonjwa. Alieleza kazi yenyewe kwa ufupi. Atamvutisha mvuke wa kuchokoza kifua, kila raundi mkali kuliko wa kwanza, na kila raundi Marit atapuliza kwa nguvu zote. Kifua cha pumu kitabana, na kikibana mashine itasema.

"Vuta ndani, ndani, ndani," alisema yule mama. "Sasa puliza! Puliza, puliza, puliza, usiniache, bado, bado, bado. Basi."

Corbin alikuwa ameingia mle na maombi yake yaleyale. Namtaka abaki. Kibane kidogo tu, Mungu, kidogo tu, apone baadaye. Alikuwa ameyashika kichwani kama mtu aliyeshika kofia yake kwenye upepo. Ndipo Marit, kibanio puani, mashavu yamevimba, jasho kwenye paji la uso, alipoyageuza macho yake ya kijivu na kumtazama juu ya mrija. Haikuwa hasira tena. Ilikuwa ni yule msichana wa asubuhi za giza, anayekimbia mbele ya taa za gari, akigeuka kuona kama taa bado zipo.

"Puliza!" alisema yule mama.

Na Corbin akapuliza. Hakuamua. Midomo yake ilijikunja yenyewe na akapuliza pamoja naye, mikono imekamata ukingo wa benchi, akamsukuma kwa pumzi yake mwenyewe, usiache, bado, bado. Raundi ya pili akapuliza. Ya tatu akapuliza, akasahau kabisa kwamba kuna maombi aliyokuja nayo. Kila mshale wa mashine ulipopanda alihisi unampandia yeye. Alitaka ashinde, akiwa na uchungu wote wa kujua ushindi huo unampeleka wapi.

"Mwisho," alisema mama wa viatu vya kukimbilia. Alitazama mchoro, akavaa miwani, akautazama tena. "Matokeo yatatumwa kwa wenyewe jeshini, mimi sisemi kitu. Ila binti, kama farasi wangu wangekuwa na kifua kama hiki, ningekuwa tajiri. Dari la nyasi nisingekurudisha, lakini huko kwingine..." Hakumaliza. Alikuwa akimtazama Corbin. "Na wewe je, unaendeleaje?"

Corbin hakuwa akiendelea vizuri. Kupuliza kule na hewa kavu ya hospitali vilikuwa vimemfunga kifua, na pumzi ilitoka kwa filimbi. Mkono ulikwenda kwenye mfuko wa shati. Mtupu. Akaonyesha koti. Marit, ambaye alikuwa ameshang'oa kibanio na kuinuka, alilipapasa na kukitoa kile kipampu kipya, ambacho Corbin alikuwa amekitoa garini walipofika. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alikibonyeza. Hakikutoa kitu.

"Umekiacha garini," alisema Marit. "Wewe."

Akafungua kola yake na kuingiza mkono chini ya sweta, chini ya shati, akatoa kile cha buluu kilichochubuka. Alikitia kinywani mwa Corbin, kiganja kimoja kifuani na kimoja mgongoni, akabonyeza.

"Vuta," alisema. "Vuta tena."

Kilikuwa cha moto. Kilikuwa na joto la mwili wake, na Corbin alilihisi mdomoni kabla hajaihisi dawa. Yule mama alikuwa na busara ya kwenda kutafuta kitu kwenye kabati.

"Umekitumia?" aliuliza Corbin alipopata pumzi ya kuulizia.

"Hata mara moja. Nimelala nacho tangu msimu wa kulungu. Asubuhi nilikuwa nikiamka alama yake iko hapa." Aligusa chini ya mtulinga. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakuyafuta. "Nilikuona unapuliza, Corbin."

"Sikukusudia."

"Najua."

"Utakwenda," alisema Corbin.

"Nitakwenda." Alikilaza kichwa chake begani kwake, palepale pa siku ya dari. "Na mimi nimekaa wiki zote hizi na hasira, kumbe sikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza, nani atakubebea wewe?"

Corbin aliinua mkono akaushika uso wake, wakabaki vile mpaka mama wa viatu vya kukimbilia alipokohoa kabatini.

Walipotoka, Marit alikirudisha kile cha buluu chini ya shati lake. Corbin alinyoosha mkono akidai kuwa ni chake, akaambiwa cha kwake ndicho kile kilichoganda. Safari ya kurudi alibadilisha gia kwa mkono wa kulia wenye mkono wa Marit juu yake, na hawakuzungumza juu ya barafu wala juu ya Agosti, mwezi wa kwenda chuoni. Kabla ya kuwasha gari alikuwa amekichukua kile kipampu kipya na kukitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Baridi yake ilimchoma mpaka machozi yakamlenga, lakini hakukitoa. Walipofika Norvik kilikuwa kimepata joto.